Rangi Halisi ya Sweta ya Mama

Mimi ni mtu wa picha, na zamani nilijitambulisha hivyo hata kwa watu ambao hawakuniuliza. Mwaka wa 2008 nilikuwa na chumba kimoja mjini Nakuru, juu ya duka la viatu, nikitengeneza kadi za harusi, programu za mazishi na picha za pasipoti. Mlangoni nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba humu ndani rangi hazikosewi. Hakuna aliyenilazimisha kuandika hivyo.

Kompyuta yenyewe ilikaa nyumbani, sebuleni, kwa sababu mlango wa kile chumba cha mjini hata mbuzi angeufungua. Monita yake ilikuwa ya zile za zamani zenye mgongo mkubwa, na ili iketi vizuri ilibidi meza isogezwe mbali na ukuta. Nilikuwa nimeweka spika kubwa ubavuni mwake, na sumaku ya spika ikaila ile kona ya juu upande wa kulia hadi ikawa ya kijani. Bibi harusi akiangukia kona hiyo alionekana kama mtu anayeumwa na malaria siku ya furaha yake. Nilijifunza kuwapanga maharusi upande wa kushoto.

Lakini hasira yangu na kona hiyo haikutokana na maharusi. Nilikuwa na gemu ya kushindanisha magari, na mke wangu, mwalimu wa nasari ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, alinishinda kila tulipocheza. Sikushindwa kidogo. Alikuwa akimaliza, anaenda jikoni kugeuza chapati, anarudi na kunikuta bado natafuta njia ya kutoka kwenye nyasi. Mimi nilisema ni ile kona ya kijani, inanificha kona za barabara. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi jua langu lilikuwa juu upande wa kulia.

Mama alikuwa akiishi nasi wakati huo. Alishuka kutoka Molo mwezi wa Januari, watu wengi waliposhuka wakikimbia vurugu za uchaguzi, akiwa na begi moja. Ndani ya begi hilo kulikuwa na sweta yake ya rangi ya damu ya mzee, na ndani ya sweta kulikuwa na picha ya baba. Vitu vingine vyote aliviachia Mungu na jirani. Baba alifariki nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na picha hiyo, isiyo ya rangi, ndiyo pekee tuliyo nayo. Siku zote ilikuwa ndani ya nailoni, fremu na kila kitu, ili moshi wa jikoni usiiguse. Mama aliitundika ukutani kwetu vile vile na nailoni yake, na hakuna aliyeshangaa.

Macho yake yalikuwa yameanza kuziba. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza na moja. Mama alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, na tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti na kuniambia jambo lake.

“Kijana, unitoe picha. Ya rangi. Nataka nijione hapo kwa ukuta kando ya baba yako kabla huyo daktari hajanishika jicho. Akiniharibu, hiyo itakuwa ndio kitu ya mwisho nimeona.”

Nikamwambia hataharibiwa. Akaniambia mimi si daktari.

“Na isikuwe zile picha zenu za kunifanya nikae mweusi kama sufuria,” akaongeza. “Na sweta ikae hii sweta.”

Uzi wa sweta hiyo aliletewa na baba, akaifuma mwenyewe, na tangu hapo ameirudia viwiko na mikono mara nyingi lakini rangi hajawahi kuibadilisha. Nilielewa alichokuwa akiniomba. Niliogopa pia, nasema ukweli. Mama hakuwa mtu wa kuomba vitu, na hiki cha kwanza alichokiomba kilikuwa ndani kabisa ya kazi ambayo nilikuwa nimeitangaza mlangoni.

Mtu mwenye akili angempiga picha, akapeleka kuoshwa, basi. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi upara ulianza mapema. Nilitangaza kwamba kwa kazi nyeti kama hiyo sharti ninunue monita mpya, ile bapa, yenye rangi za kweli.

“Ni ya mama ama ni ya magari?” mke wangu akauliza.

“Ni ya mama.”

“Sawa. Basi hiyo gemu tutaitoa.”

Hapo nikasema tusikimbilie kutoa vitu.

Nilimpiga mama picha asubuhi moja nje ya nyumba, amekaa wima, kitambaa cheupe kichwani, mikono magotini kama anayesubiri sadaka ipite. Nikaitia kwenye CD. Jumamosi nikaenda duka moja mjini la vifaa vya kompyuta, la familia ya Kihindi, ambako mama mwenye duka ndiye aliyekaa kaunta na miwani yake ikining'inia kifuani. Mkononi nilikuwa na mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko huo sweta ya mama, CD ya mama, na chini kabisa, iliyojificha, CD ya magari. Nilipoitoa sweta na kuitandaza kwenye kaunta, yule mama alivaa miwani.

“Sweta hatununui, boss.”

Nikamweleza kwamba mimi ni mtaalamu wa rangi na kwamba sweta hii ni ya kupimia. Akasema niendelee. Monita bapa zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, zote zinawaka, zote na nailoni zao usoni, kwa maana hakuna mtu Nakuru angenunua iliyovuliwa. Yenye nailoni ni mpya. Iliyovuliwa ni ya mtu.

Basi nikaanza kazi. Nilikuwa nikiweka picha ya mama kwenye monita, nainua sweta kando yake, narudi nyuma hatua kadhaa, nafinya jicho moja. Ya kwanza nikaikataa, ilifanya sweta kuwa nyanya. Nyingine ilileta rangi ya uji wa wimbi. Watu waliokuja kununua wino wa printa walisimama kutazama, na mimi, badala ya kuona haya, niliongeza sauti. Nilizungumza juu ya kontrasti. Nilisema kivuli cha monita fulani hakina kina. Mzee mmoja aliyekuwa amevaa koti refu na gambuti zenye tope akaniuliza kama mimi ni wa serikali, na sikumkatalia haraka kama nilivyopaswa. Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na siku hiyo nilishika kila jembe dukani.

Mwishowe nikafika kwenye moja iliyokuwa na ubaridi fulani, weupe wenye ubuluu kidogo, kama asubuhi ya Molo ukungu haujainuka. Nikasema hii ndiyo. Kisha, mama wa duka alipogeuka, nikatia ile CD ya chini na kuendesha gari mzunguko mmoja. Sikugonga chochote. Nilipoinua macho alikuwa amerudi zamani, ananitazama.

“Hiyo pia ni ya kupima rangi?” akauliza.

“Hiyo ni ya kupima mwendo,” nikasema.

“Ni mpya kabisa,” akasema akiifunga kwenye boksi. “Ona, hata nailoni iko.”

Sijui kama watu wa mahali pengine watanielewa hapa. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo viti vya sebuleni vilivaa nailoni miaka yote, na mgeni akikaa alitoa sauti. Godoro letu lilikuwa na nailoni, ukijigeuza usiku nyumba nzima inajua. Redio ilikuwa na nailoni. Kwetu kitu kikivuliwa nailoni kimeanza kufa, na aliyetufundisha imani hiyo ni mama mwenyewe. Kwa hiyo monita ilipofika nyumbani na yeye akaja kuipapasa kwa kidole, akasikia ule utelezi, alifurahi.

“Vizuri. Usitoe hii.”

“Siwezi kutoa,” nikasema, kana kwamba alinitukana.

Joto la monita lilipoanza kuzikunja pembe za nailoni, nilizibandika kwa selotepu. Mke wangu aliponyoosha mkono kufuta vumbi nilimwambia afute fremu tu.

Ndipo nikaanza kumtengeneza mama. Kwenye monita alionekana wa baridi, midomo kama aliyetoka kuoga mtoni. Nikaongeza wekundu. Nikaongeza manjano. Nikaendelea kuongeza, sweta ikiwa imening'inizwa kwenye kiti kando yangu, hadi mama wa kwenye kioo akawa mama wa jikoni kabisa, na sweta ikawa sweta. Nilimwita mke wangu aone. Alisema ni mzuri. Nilijipongeza kwa kushindana naye mbio za magari, akanishinda, nikasema bado naizoea monita.

Kazi za wateja nazo nikazipitisha kwenye dawa hiyo hiyo. Harusi moja ya kule Ndabibi ikarudi kutoka kuoshwa na bibi harusi amevaa gauni la rangi ya chai ya maziwa. Bwana harusi, kijana anayefanya kazi shamba la maua huko Kamere, mtu ambaye mchana kutwa anatenganisha waridi jeupe na lisilo jeupe sana, aliniuliza kwa upole kama gauni lilikuwa limelowa. Mteja mwingine alitaka picha kubwa ya kuweka dukani kwake, akatoka wa chungwa kuanzia paji la uso hadi kidevu. Na mwaka ule, mtaani kwetu, chungwa, rangi ya chama cha siasa, haikuwa rangi ya kumpaka mtu bila kumuuliza kwanza. Aliichukua picha yake, akaigeuza uso ndani, akaenda.

Nilijua kosa ni la nani. Nilishika njia hadi kwa mzee Singasinga mwenye mashine ya kuosha picha, mtu wa kilemba na ndevu nyeupe ambaye tulifanya kazi pamoja tangu nikiwa natumia filamu, nikamwambia mashine yake imezeeka.

“Boss, mashine inatoa kile umeleta,” akasema.

Nikamwambia mimi nina monita mpya. Nililisema hilo kama mtu anayetoa kitambulisho cha polisi. Akaniambia hongera. Akaisafisha mashine mbele yangu, akaosha upya, na watu wakatoka vile vile, kama waliookwa juani. Nikamtazama kwa huruma.

Picha ya mama niliichukua kwake siku moja kabla ya ile ya daktari. Nikiwa bado mlangoni pake niliona kwamba haiko sawa. Uso ulikuwa wa karoti, na sweta, ile sweta, ilikuwa rangi ya matofali. Ningeweza kurudi ndani. Lakini kurudi kufanya nini, ikiwa kwenye monita kila kitu kilikuwa kimenyooka? Niliipeleka nyumbani kwenye fremu, nikamwekea mama mikononi.

Aliisogeza karibu na dirisha. Akaisogeza karibu na pua. Akapitisha kidole kwenye kioo, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi mikono magotini.

“Ndio mimi,” akasema. “Na sweta ndio hiyo.”

Sikuwahi kufurahi hivyo. Nilimtundika kando ya baba, nikarudi nyuma, nikafinya jicho. Nilikuwa na mzee wa mashine mwenye miaka mingi kazini, bwana harusi wa waridi, na macho yangu mwenyewe mawili mazima, wote wakisema kwamba rangi zangu si sawa. Nami nikachukua ushahidi wa mama, ambaye kesho yake alikuwa anapelekwa hospitali kwa sababu haoni.

Mke wangu alisubiri mama aende kulala. “Anakaa chungwa,” akasema.

“Ni taa,” nikasema.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, na hapo sikuwa na mzaha. Nilifikiria kwamba kama jambo litaharibika, basi picha ya mwisho mama aliyojiona nayo duniani ni kazi yangu. Niliomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Daktari alipotoka kusema imeenda vizuri, nilimshika mkono muda mrefu mpaka akahitaji kuuvuta.

Kesho yake wakamtoa bandeji. Alirudi nyumbani ameketi kiti cha mbele, ananisomea mabango ya njiani. Alipoingia ndani alimtazama mke wangu, akamwambia amekonda. Alitazama dari, akataja utando wa buibui. Kisha akanigeukia mimi.

“Upara umeanza lini?”

Nikasema una muda. Akatikisa kichwa, akaenda ukutani. Alisimama mbele ya picha yake hadi mke wangu akaacha kupanga vikombe.

“Na huyu mama wa chungwa ni nani?”

Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi. Ningeweza kukubali pale pale, yakaisha. Badala yake nikamwambia kwamba picha yenyewe iko sawa kabisa, iliyoharibu ni mashine ya kuosha, na kama haamini aje aone. Nikawasha kompyuta, nikamfungulia. Alitokea pale kwenye kioo akiwa mama wa jikoni na sweta yake.

“Unaona?” nikasema. “Huku uko sawa.”

Mama aliinama, akaleta lile jicho jipya karibu kabisa. Lakini hakuwa akitazama picha. Alikuwa akitazama pembe. Alikwaruza selotepu kwa ukucha, ukucha ambao umemenya viazi vya Molo maisha yake yote, akapata mahali pa kushika.

“Mama, hiyo ni mpya bado,” nikasema.

“Hata hili jicho langu wametoa nailoni,” akasema, “na halikuwa jipya.”

Akavuta. Nailoni ilitoka yote kwa mara moja, ikalia kama kitambaa kinachopasuka, ikabaki inaning'inia mkononi mwake, ya buluu. Ya buluu wazi, ambayo mtoto wa nasari angeitaja jina. Na kwenye kioo, mama alikuwa wa chungwa.

Mke wangu alikaa chini sakafuni. Sisemi aliketi. Miguu ilikataa kwa kicheko, akakaa chini, akawa anajifuta macho kwa leso ya kukaushia vyombo. Mimi nilisimama nikipiga hesabu ya maharusi niliowachoma. Nikakumbuka ule mstari wa monita dukani, zote na nailoni zao, na mimi nikipita mbele yake na sweta mkononi nikitafuta rangi ya kweli. Ule ubaridi wa asubuhi ya Molo niliouchagua mbele ya watu ulikuwa ubaridi wa nailoni. Nilikuwa nimechagua nailoni.

Jioni hiyo mke wangu alitaka tucheze magari. Tukakumbuka kwamba mashindano yale hufanyika saa sita mchana, jua kali, mbingu nyeupe. Tangu monita mpya ije nilikuwa nimeyazoea kama ya magharibi. Kila kona ya barabara ilionekana vizuri sana, nami nikaingia kwenye nyasi nikiiona.

Nilimtengeneza mama upya. Haikuchukua muda, kwa kuwa kazi kubwa ilikuwa kuondoa yale niliyoweka mimi. Nikaipeleka kwa mzee wa mashine, nikamwambia samahani, mashine yake haina neno. Alinitazama kutoka chini ya kilemba.

“Boss, macho imepona?”

“Ya mama,” nikamwambia.

Picha iliyotoka ilikuwa ya kweli. Sweta ilikuwa damu ya mzee, ile ile, na hata pale kwenye kiwiko ambapo uzi ni mpya kidogo ungeona. Lakini pamoja na sweta ulitoka pia uso, na sasa hapakuwa na uchungwa wa kuufunika. Ulionekana kila mkunjo uliotokana na kufinya macho shambani, madoa ya mashavuni, na nywele nyeupe zilizochungulia chini ya kitambaa. Njia nzima nilijiuliza kama nimfichie.

Mama aliipokea, akakaa nayo kitini. Hakuisogeza dirishani. Aliishika mbali kidogo, kama watu wenye macho.

“Niletee baba yako,” akasema.

Nikamteremsha baba kutoka ukutani na kumpa. Akalaza picha zote mbili mapajani. Kisha akaanza kufungua nailoni ya baba. Ilikuwa imekauka na kuwa ya manjano, ikivunjika vipande akiivuta, naye akawa anaviweka mfukoni mwa sweta kimoja kimoja. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona baba bila nailoni. Alikuwa kijana. Alikuwa na shingo nyembamba na kola iliyomzidi, na alikuwa mdogo kuliko mimi niliyesimama pale na upara wangu.

“Kumbe alikuwa mdogo hivi,” mama akasema.

Akamtazama baba, akajitazama, akarudi kwa baba.

“Watu watadhani ni kijana yangu.”

Nikamwambia kwamba ninaweza kuipunguza ile mikunjo kidogo kwenye kompyuta, ni kazi ndogo, nitaifanya hata leo. Akanifunga mdomo kwa kuinua mkono.

“Wacha,” akasema. “Akiniona hivi atajua nililima.”

Kisha akaniambia nilete nyundo, na niziweke karibu karibu.